Hatua 70 kwa 70: Ekari kamili au hasara kwa mkulima?

*Mzunguko wa shamba si ukubwa wake, na hatua ya mtu mmoja si hatua ya mwingine. Asiyejua tofauti hiyo hulipia ardhi asiyoipata*

KILA msimu wa kilimo unapokaribia, mikataba mingi hufungwa pembezoni mwa mashamba. Mwenye shamba anakodisha, mwenye trekta anapatana bei, vibarua wanagawiwa sehemu za kupalilia, na mwenye duka la pembejeo anaulizwa mbegu kilo ngapi zitatosha. Shughuli zote hizo hutegemea neno moja, nalo ni ekari. Kodi ni ya ekari, kulima ni kwa ekari, mbolea ni mifuko kadhaa kwa ekari, na hata mavuno husimuliwa kwa gunia kwa ekari.

Hata hivyo, wakulima wengi wanapoulizwa ekari ni kubwa kiasi gani, jibu huwa ni lile lile linalorithiwa kutoka kwa wazee: hatua 70 kwa 70. Mtu husimama kwenye kona ya shamba, huhesabu hatua 70 kuelekea upande mmoja, hugeuka na kuhesabu nyingine 70, huchomeka kijiti, na biashara huwa imekwisha. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: hatua hizo ni za nani?

Wakulima wanaifahamu vizuri lumbesa. Gunia linapojazwa hadi kuota kichwa, kila mtu huona kwa macho kuwa mnunuzi anachukua zaidi ya alicholipia. Lakini lumbesa ya ardhi haionekani. Shamba lililopunjwa hufanana na shamba lililokamilika, na mkulima anaweza kulima misimu mitano bila kujua kuwa kila mwaka amelipia ardhi ambayo hakuipata.

Hatua 70 zinatoka wapi

Ekari ni kipimo kilichokuja na Waingereza, na kwa vipimo vyao ni yadi za mraba 4,840. Yadi hiyo ndiyo ile ile wanayoijua wauza vitambaa, yaani sentimita 91 na ushee. Yadi 70 zikizidishwa kwa yadi 70 zinapatikana 4,900, karibu sawa kabisa na ekari moja. Kwa maneno mengine, kanuni ya hatua 70 kwa 70 ni sahihi, lakini kwa sharti moja: kila hatua iwe na urefu wa yadi moja.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Hatua ya yadi moja ni ndefu. Ni hatua ya mtu anayejivuta makusudi, si ya mtu anayetembea kwa kawaida. Watu wazima wengi wakitembea kama wanakwenda sokoni, hatua yao huwa kama sentimita 75 hivi. Mwingine, akiwa mrefu na akitanua miguu, anaweza kufikisha mita nzima.

Kwa vipimo vya sasa, ekari moja ni mita za mraba 4,047. Hebu tazama hatua 70 kwa 70 zinatoa nini kwa watu watatu tofauti.

Mwenye hatua ya sentimita 75 atapata upande wa mita 52.5. Ukizidisha 52.5 kwa 52.5 unapata mita za mraba 2,756, ambazo ni ekari 0.68, yaani zaidi kidogo ya theluthi mbili za ekari.

Mwenye hatua ya yadi moja atapata upande wa mita 64. Ukizidisha 64 kwa 64 unapata mita za mraba 4,096. Hiyo ni ekari moja na kichele kidogo juu yake.

Mwenye hatua ya mita moja atapata upande wa mita 70. Ukizidisha 70 kwa 70 unapata mita za mraba 4,900, ambazo ni ekari 1.21.

Wote watatu wamehesabu hatua 70 kwa 70, na hakuna aliyedanganya katika kuhesabu. Lakini kati ya wa kwanza na wa tatu pana tofauti ya mita za mraba 2,144, zaidi ya nusu ekari.

Kwa mkulima anayekodi, tofauti hiyo ni fedha. Ikiwa kodi ni Sh100,000 kwa ekari na shamba limepimwa kwa hatua za sentimita 75, basi ekari kamili imemgharimu karibu Sh147,000 bila yeye kujua. Akikodi ekari tano kwa mtindo huo, anaondoka na ekari 3.4 tu.

Kibao hugeuka pale anayelipwa ni yule anayelima. Mwenye trekta au kibarua aliyekubaliana bei ya ekari tano, zikapimwa kwa hatua za mita nzima, atalima ekari sita kwa malipo ya tano. Mafuta ya trekta hayajui mapatano. Yanaungua kwa ukubwa halisi wa ardhi.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kosa la urefu halibaki dogo linapofika kwenye ukubwa. Hatua iliyopungua robo hupunguza upande mmoja kwa robo na upande wa pili kwa robo, na pande hizo zinapozidishwa, ardhi inayopotea hukaribia nusu.

Urefu, mzingo na eneo

Wengi walifundishwa haya shule ya msingi, wakafanya mtihani na kuyaacha darasani. Lakini ni maarifa yanayohitajika zaidi shambani kuliko kwenye karatasi ya mtihani.

Urefu ni umbali kutoka sehemu moja hadi nyingine. Hupimwa kwa mita, futi au yadi. Mzingo ni jumla ya urefu wa pande zote zinazozunguka shamba, na kwa kuwa ni umbali, nao hupimwa kwa mita. Eneo ni ukubwa wa ardhi iliyo ndani ya mipaka hiyo, na hupimwa kwa mita za mraba. Mita moja ya mraba ni kipande chenye mita moja kila upande.

Kwa shamba la mstatili, yaani lenye kona nne zilizonyooka na pande zinazotazamana zilizo sawa, eneo ni urefu mara upana. Mzingo ni urefu kujumlisha upana, kisha mara mbili. Kwa mraba, ambao pande zake zote nne ni sawa, eneo ni upande mara upande, na mzingo ni upande mara nne.

Kila kimoja kina kazi yake. Anayenunua seng'enge, nguzo za uzio au miche ya kupanda mpakani anahitaji mzingo. Anayenunua mbegu, mbolea na dawa, anayelipa kodi, au anayekadiria mavuno anahitaji eneo. Anayechanganya viwili hivyo atanunua pungufu au atanunua zaidi, na vyote viwili ni hasara.

Mzingo unavyodanganya macho

Ni jambo la kawaida mtu kuulizwa ukubwa wa shamba naye akajibu kwa kueleza jinsi linavyochosha kulizunguka. Lakini mzunguko mrefu si shamba kubwa.

Chukua mfano wa mashamba manne. La kwanza ni mita 60 kwa 60. La pili ni mita 80 kwa 40. La tatu ni mita 100 kwa 20. La nne ni mita 110 kwa 10. Ukiyazunguka yote kwa miguu, utatembea mita 240 kila moja, bila tofauti hata ya mita moja.

Sasa tazama maeneo yake. La kwanza lina mita za mraba 3,600. La pili lina 3,200. La tatu lina 2,000. La nne lina 1,100, chini ya theluthi moja ya lile la kwanza. Kadiri shamba linavyozidi kuwa jembamba na refu, ndivyo eneo linavyopungua huku mzingo ukibaki pale pale.

Udanganyifu wa aina hii ni wa kale. Katika karne ya tano baada ya Kristo, mwanafalsafa wa Kigiriki aitwaye Proclus, alipokuwa akifafanua kitabu cha hesabu cha Euclid, aliandika habari za watu waliogawana ardhi na wenzao kwa kutazama mzunguko. Wajanja waliwaachia wenzao vipande vyenye mzunguko mrefu, wao wakachukua vyenye mzunguko mfupi lakini eneo kubwa. Wakasifiwa kwa uaminifu, kumbe ndio waliopata zaidi.

Karne nyingi zimepita, lakini somo hilo bado lina kazi katika familia zinazogawana urithi, katika vikundi vinavyogawana shamba la pamoja, na kwa yeyote anayeonyeshwa kipande kirefu kando ya barabara na kuambiwa kuwa ni kikubwa. Ardhi haigawanywi kwa mzunguko. Hugawanywa kwa eneo, na baada ya hapo ndipo hutazamwa rutuba, maji na barabara.

Kiswahili chenyewe kinalo neno linalokumbusha jambo hili. Ngwe ni kamba, na ngwe pia ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu kulima. Kipande kilichukua jina la kitu cha kupimia, na kitu hicho ni kamba, si mguu wa mtu.

Namna ya kupima kwa kamba

Mkulima hahitaji mitambo ya gharama ili kulijua shamba lake. Anachohitaji ni kamba isiyovutika, vigingi vinne, tepu ya fundi, kalamu na daftari. Kamba za nailoni laini huvutika, na kamba ya katani hubadilika ikilowa, hivyo ni vizuri kuipima upya kwa tepu kila siku ya kazi. Kamba ya mita 20 yenye fundo au rangi kila baada ya mita tano inatosha.

Hatua ya kwanza ni kuweka vigingi kwenye kona. Watu wawili wanyooshe kamba kutoka kigingi kimoja hadi kingine, kwa mstari ulionyooka, bila kuilegeza. Pande zote nne zipimwe, hata kama mwenye shamba anasema zinalingana. Kila kipimo kiandikwe hapo hapo.

Hatua ya pili ni kuhakiki kona. Hapa mafundi ujenzi wana mbinu yao ya tatu, nne, tano. Kutoka kwenye kona, hupimwa mita tatu upande mmoja na kuwekwa alama, na mita nne upande wa pili na kuwekwa alama. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita tano kamili, kona imenyooka. Ukipungua au ukizidi, kona imebanwa au imetanuka.

Kwa shamba zima, njia rahisi ni kupima kutoka kona hadi kona kwa kukatiza katikati, mara mbili. Ikiwa pande zinazotazamana ni sawa na vipimo hivyo viwili vya katikati ni sawa, shamba ni mstatili wa kweli na kanuni ya urefu mara upana itafanya kazi. Kwa shamba la mita 64 kwa 64, umbali huo wa kukatiza unapaswa kuwa kama mita 90.5.

Kwa nini kona zina umuhimu? Kwa sababu shamba lenye mita 64 kila upande linaweza kuwa limelala upande kama fremu ya dirisha iliyolegea. Pande zote nne ni zile zile, mzingo ni ule ule wa mita 256, lakini eneo limepungua. Iwapo kipimo kimoja cha kona hadi kona ni mita 64 na cha pili ni karibu mita 111, eneo halisi ni kama mita za mraba 3,550 tu, si 4,096. Zaidi ya mita 500 za mraba zimeyeyuka, na hakuna upande hata mmoja uliofupishwa.

Hatua ya tatu ni hesabu. Urefu uzidishwe kwa upana ili kupata mita za mraba, kisha jibu ligawanywe kwa 4,047 ili kupata ekari. Anayetaka hekta agawanye kwa 10,000. Hekta moja ni sawa na mita 100 kwa 100, nayo ni karibu ekari mbili na nusu.

Kwa shamba lenye mteremko, kamba ishikwe ikiwa imelala sawa kama maji kwenye beseni, si kuifuatisha ardhi inavyoshuka. Eneo linaloandikwa kwenye ramani na hati ni la ardhi kama inavyoonekana kutoka juu. Anayepima kwa kufuata mteremko atapata namba kubwa kuliko ile ya hati.

Shamba lisilo mstatili

Mashamba mengi hayana umbo la kitabuni. Mto umekata upande mmoja, njia imepinda upande mwingine. Baadhi ya watu hujumlisha pande mbili zinazotazamana na kugawanya kwa mbili, wakafanya hivyo kwa zile nyingine mbili, kisha wakazidisha. Njia hiyo ni ya zamani mno. Maandishi kwenye kuta za hekalu la Edfu, kusini mwa Misri, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, yanaonyesha mashamba yakikadiriwa hivyo hivyo.

Kasoro yake ni kwamba, kwa shamba la pande nne lisilo mstatili, jibu lake daima huzidi eneo halisi. Chukua shamba lenye upande mmoja wa mita 40 na unaotazamana nao wa mita 80, huku pande nyingine zikiwa mita 60 na mita 72, na ule wa mita 60 ukiwa umenyooka na pande hizo mbili. Kwa njia ya wastani, hesabu ni 60 mara 66, sawa na mita za mraba 3,960, karibu ekari nzima.

Njia sahihi ni kulikata shamba vipande. Mstatili wa mita 60 kwa 40 una mita za mraba 2,400. Kinachobaki ni pembetatu yenye pande za mita 40 na 60 zinazokutana kwenye kona iliyonyooka. Hiyo ni nusu ya mstatili wa 40 kwa 60, yaani mita za mraba 1,200. Jumla ni 3,600. Ile njia ya wastani ilikuwa imeongeza mita 360 za mraba ambazo hazipo ardhini. Anayekodisha hufaidika nazo, anayekodi huzilipia.

Siku hizi zipo pia simu zenye programu za kupima shamba kwa satelaiti wakati mtu anazunguka mpaka. Ni msaada mkubwa kwa mashamba ya ekari nyingi au yenye umbo la ajabu. Lakini simu ya kawaida inaweza kukosea mahali ulipo kwa mita kadhaa, na kwa kipande cha robo ekari mita hizo ni nyingi. Kwa kipande kidogo, kamba bado inaaminika zaidi.

Mbegu, mbolea na dawa

Hasara ya kutojua eneo haiishii kwenye kodi. Mahindi yanayopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo, humpa kila mche eneo la mita za mraba 0.225. Ekari kamili hubeba takriban miche 18,000. Ile ekari ya hatua fupi yenye mita za mraba 2,756 hubeba miche 12,250 tu.

Hapo mkulima anaweza kujikagua mwenyewe. Shamba la mraba la ekari moja, lenye upande wa mita 64, lina nafasi ya mistari kama 85 ya mahindi. Akipanda kwa nafasi sahihi akapata mistari 70, shamba lake halijafika ekari. Mbegu ya ekari moja inapobaki nyingi kwenye mfuko, kabla ya kumshukuru Mungu kwa baraka hiyo, ni vyema achukue kamba.

Kwa mbolea, mfuko wa kilo 50 uliokusudiwa ekari moja ukimwagwa kwenye ekari 0.68 ni sawa na kuweka zaidi ya kilo 73 kwa ekari. Fedha imezikwa ardhini. Ukimwagwa kwenye ekari 1.21, kila ekari imepata kilo 41 tu na mahindi yataonyesha njaa.

Mavuno nayo husomwa vibaya. Aliyevuna gunia 12 kwenye ekari 0.68 anaweza kujiona ameshindwa akijilinganisha na jirani aliyevuna gunia 15 kwenye ekari kamili. Ukweli ni kwamba yeye amevuna zaidi ya gunia 17 kwa ekari. Anaweza kuiacha mbegu nzuri au nafasi nzuri ya kupandia kwa sababu ya kipimo kibaya.

Kwa upande wa dawa, mkulima anaweza kupima mita 10 kwa 10, ambazo ni mita za mraba 100, akajaza bomba maji matupu na kulipulizia eneo hilo kwa mwendo wake wa kawaida, kisha akaangalia yametumika maji kiasi gani. Kama ni lita mbili, ekari nzima itahitaji karibu lita 81, sawa na bomba tano za lita 16. Baada ya hapo asome lebo kwa makini aone kipimo kimeandikwa kwa ekari au kwa hekta. Anayesoma hekta akadhani ni ekari ataweka dawa karibu mara mbili na nusu ya inayotakiwa.

Gharama za uzio

Hapa ndipo mzingo unapochukua nafasi yake. Ekari ya mraba ya mita 64 kwa 64 inahitaji uzio wa mita 256. Kwa nguzo kila baada ya mita tatu, ni nguzo kama 86, na kwa nyaya nne ni mita 1,024 za seng'enge. Ekari hiyo hiyo ikiwa kipande kirefu cha mita 205 kwa 20, uzio ni mita 450, nguzo 150 na seng'enge mita 1,800. Ardhi ni ile ile, mahindi ni yale yale, lakini gharama ya kuyalinda imekaribia mara mbili.

Shamba likiongezeka ukubwa, uzio hauongezeki kwa kasi hiyo. Huko Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, familia ziligawiwa eka tatu tatu. Eka tatu zikiwa katika umbo la mraba wa mita 110 kwa 110, mzingo wake ni mita 440, pungufu ya ule wa kipande chembamba cha ekari moja.

Kwa sababu hiyo majirani wawili wenye ekari moja moja zinazopakana hunufaika wakishirikiana. Kila mmoja akijenga uzio wake peke yake, jumla ni mita 512. Wakizungusha uzio mmoja kwa pamoja, ni mita 384. Hata wakitaka uzio wa kutenganisha katikati, watafika mita 448 tu.

Wenye viwanja na maduka

Wafanyabiashara wadogo nao hawajasalimika. Mtego mkubwa kwao ni kudhani kuwa kupunguza pande kwa nusu hupunguza kiwanja kwa nusu. Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 ana mita za mraba 400. Akimuuzia mtu kipande cha mita 10 kwa 10, amemuuzia mita za mraba 100, ambazo ni robo, si nusu. Nusu ya kweli ni mita 20 kwa 10. Mnunuzi anayelipa nusu ya bei kwa kipande cha 10 kwa 10 amelipa mara mbili ya thamani yake.

Dalali anapotaja "miguu 20 kwa 20", mnunuzi aulize kwanza kama ni mita, futi au hatua. Futi 20 ni kama mita sita tu. Hatua 20 za sentimita 75 ni mita 15, na kiwanja cha mita 15 kwa 15 kina mita za mraba 225, zaidi kidogo ya nusu ya kile cha 400.

Kwa anayepanga fremu ya biashara, bei ilinganishwe kwa mita ya mraba. Fremu ya mita 3 kwa 4 ina mita za mraba 12. Ya mita 2.5 kwa 4.5 ina 11.25. Zote mbili zina mzingo wa mita 14, na kwa macho zinaweza kuonekana sawa. Anayetaka kuweka vigae vya sentimita 30 kwa 30 kwenye ile ya kwanza atahitaji vigae 134 na vichache vya akiba kwa vitakavyokatwa. Akijua hesabu hiyo, hataambiwa na mtu anunue 200.

Kipimo kiingie kwenye mkataba

Kupima peke yake hakutoshi kama kipimo kitabaki kichwani. Mapatano ya kukodi au kununua yaandikwe, na yataje urefu wa kila upande kwa mita, vipimo viwili vya kona hadi kona, eneo kwa mita za mraba, na majina ya wanaopakana na shamba kila upande. Mchoro mdogo wa mkono uwekwe, alama za mipaka zitajwe, iwe ni jiwe, mti au mfereji. Pande zote mbili na mashahidi waweke saini, na nakala ipelekwe ofisi ya kijiji au mtaa.

Neno "ekari moja" peke yake kwenye mkataba ni mlango wa ugomvi, kwa sababu kila mmoja atarudi na hatua zake. Lakini "mita 64 kwa mita 64" halina ubishi. Yeyote mwenye tepu anaweza kwenda kuhakiki.

Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Mwombaji anayejua vipimo vya shamba lake na aliyekubaliana na majirani kuhusu mipaka huwa amejiepusha na sehemu kubwa ya migogoro. Kipimo cha kamba hakichukui nafasi ya mpimaji anayetambulika kisheria, lakini humwezesha mkulima kuuliza maswali pale namba zinapotofautiana.

Ni vyema kazi hii ifanyike kabla ya fedha kutolewa, mchana, wenye shamba wote na wanaopakana wakiwapo. Kamba ishikwe na watu wa pande zote mbili, na kila kipimo kisomwe kwa sauti. Mwenye nia njema hatachukia kupimiwa, na anayechukia amekwisha kujibu swali ambalo hajaulizwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkulima, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo uwe na mchoro wa shamba lake, mita za kila upande, mzingo na eneo. Kurasa zinazofuata za mbegu, mbolea, vibarua na mavuno zote zitategemea ukurasa huo.